Ziara 6,000 kwa mwezi: ni wasomaji au ni kompyuta zetu wenyewe?

SWALI: Mimi ni mkutubi. Tangu mwenzetu aliyekuwa akisimamia tovuti ya maktaba aondoke, kazi hiyo imeniangukia mimi. Tuna Google Analytics, programu ya Google ya kuhesabu wanaotembelea tovuti, na inaonyesha ziara zaidi ya 6,000 kwa mwezi. Ila wengi wanafungua ukurasa mmoja tu na kuondoka, na kwenye katalogi naona kama hakuna anayetafuta kitabu. Mkuu wangu anataka ripoti, na ameniuliza kama tovuti ina faida yoyote. Nimwambie nini? Na je, nihamie programu nyingine?

JIBU: Ndugu mkutubi, pole na majukumu. Ombi langu la kwanza ni kwamba hiyo 6,000 usimpelekee mkuu wako kabla hujajua imetoka wapi.

Niliwahi kuombwa kuangalia takwimu za maktaba moja. Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, wageni waliingia kwenye tovuti kwa mkupuo, wote ukurasa wa mwanzo, wote kwa sekunde chache, kisha kimya. Nikaamua kwenda ukumbini mwenyewe kabla mlango haujafunguliwa. Mhudumu alikuwa akipita akiwasha kompyuta za wasomaji, moja baada ya nyingine, na kila brauza ilipofunguka ilileta ukurasa wa mwanzo wa maktaba. Wageni wa saa mbili ndio hao. Tena kompyuta hizo zilikuwa zimepangwa kufuta kumbukumbu zote kila msomaji anapoinuka, kwa hiyo kila aliyeketi baadaye alihesabiwa kuwa mtu mpya, hata kama ni yule yule wa jana.

Kagua kama kwenu ni hivyo. Ikiwa ndivyo, dawa yake ni rahisi. Kwenye kompyuta za ukumbini, badilisha anwani ya ukurasa wa kuanzia: mwishoni mwake ongeza ?utm_source=ukumbi&utm_medium=kompyuta. Kuanzia hapo ziara zinazoanzia ukumbini zitajitokeza kwa jina lake kwenye ripoti, na utaweza kuzitenga na za mtu aliye nyumbani na simu yake. Kompyuta za wafanyakazi ni habari nyingine. Kama zina anwani yake ya IP (namba inayozitambulisha kwenye mtandao), mwombe fundi wa mtandao akutajie, uiandikishe kwenye Google Analytics kama ya ndani, kisha uwashe kichujio cha kuondoa ziara za ndani. Wengi hukwama hapo, kwa sababu kichujio hicho huanza katika hali ya majaribio na hakiondoi chochote mpaka ukiwashe kwa mkono wako. Lakini hakikisha anwani hiyo hamtumii pamoja na wasomaji wa ukumbini, maana kilichochujwa hakirudi.

Sasa hao wanaofungua ukurasa mmoja na kuondoka. Google Analytics 4, yaani toleo la sasa la programu hiyo, huihesabu ziara kuwa ya maana ikidumu zaidi ya sekunde 10, au mgeni akifungua kurasa mbili au zaidi, au akifanya tendo ambalo wewe mwenyewe umeliweka kuwa muhimu. Nje ya hapo anawekwa kwenye kundi la waliotoka mikono mitupu. Mfikirie msomaji aliye njiani, anataka kujua kama mmefungua. Anatafuta kwenye Google, anabonyeza, anaona saa za kazi juu kabisa ya ukurasa, anafunga simu. Sekunde saba. Programu inamhesabu kama aliyeshindwa, lakini mimi nasema huyo mmemhudumia vizuri kuliko ambaye angezunguka dakika tatu akitafuta saa hizo hizo. Kwa hiyo usiangalie kiwango cha tovuti nzima. Angalia ukurasa mmoja mmoja, ukijiuliza mtu alikuja hapa kufanya nini. Wakiondoka haraka kwenye ukurasa wa saa za kufungua, ni sawa. Wakiondoka haraka kwenye ukurasa wa kujiandikisha uanachama, bila kugusa fomu, hapo pana tatizo la kweli.

Katalogi ndiyo inayonipa shauku zaidi, kwa sababu sidhani kama haina watafutaji. Nadhani haihesabiwi. Mara nyingi katalogi hukaa kwenye programu tofauti kabisa na tovuti, na msimbo wa kuhesabu uliwekwa upande mmoja tu. Kama mnatumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba na katalogi yake, msimbo unaweza kuuweka kwenye mpangilio unaoitwa OPACUserJS. Kama katalogi ina jina la kikoa (anwani kuu ya mtandaoni) tofauti na tovuti, orodhesha vikoa vyote viwili kwenye mipangilio ya Google Analytics. Usipofanya hivyo, msomaji anayevuka kutoka tovuti kwenda katalogi atahesabiwa kama watu wawili.

Ukishafanya hayo utaanza kuona maneno wanayotafuta. Katika Koha neno la utafutaji huonekana kwenye anwani ya ukurasa baada ya q=, na Google Analytics 4 hulitambua bila kuelekezwa, mradi kipimo cha utafutaji wa ndani kimewashwa. Chukua maneno 50 yanayoandikwa zaidi, kaa chini, uyaandike mwenyewe kwenye katalogi moja baada ya jingine. Hakuna ripoti itakayokufundisha zaidi ya zoezi hilo. Utakuta msomaji ameandika “ugonjwa wa sukari” akapata sifuri, kumbe vitabu vipo rafuni, vimeorodheshwa chini ya “Kisukari”. Utakuta “hesabu” haileti kitu kwa sababu mlioorodhesha mliandika “Hisabati”. Yule msomaji hakurudi kukuuliza. Aliamini kwamba hamna. Kuongeza njia ya kumtoa kwenye neno lake kumfikisha kwenye neno lenu ni kazi ya mkutubi hasa.

Kuhusu majarida na hifadhidata mnazolipia, Google Analytics itakuonyesha kwamba msomaji amebonyeza kiungo cha kutoka, basi. Alichosoma huko ndani utakipata kwenye ripoti za COUNTER, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2002 ili wachapishaji wahesabu matumizi kwa kipimo kimoja. Mwombe mchapishaji wako.

Kabla sijafika kwenye programu nyingine, kuna jambo lisilosubiri. Msomaji akitafuta kitabu kuhusu talaka au Ukimwi, hiyo ni siri yake, na sisi wakutubi tumeilinda siri ya aina hiyo tangu enzi za kadi za karatasi. Fungua akaunti ya msomaji kwenye katalogi yenu, uangalie anwani iliyo juu ya brauza na kichwa cha ukurasa. Ukiona namba ya uanachama au jina, ujue vinatumwa Google pamoja na kila kitu kingine, na hata masharti ya Google yenyewe yanakataza kuipelekea taarifa zinazomtambulisha mtu. Ondoa msimbo kwenye kurasa zote zinazofunguka baada ya msomaji kuingia kwenye akaunti yake. Hutapoteza lolote unalolihitaji.

Programu nyingine ninayoipendekeza ni Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik na kubadilishwa jina mwaka 2018. Unaweza kuiweka kwenye seva yenu wenyewe, data isiondoke kwenu, na inaweza kuhesabu bila kutumia vidakuzi, yaani vile vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye brauza ya mgeni. Ila seva inataka mtu wa kuitunza na kuisasisha. Kama mtu huyo yupo, hamia. Kama hayupo, baki ulipo na urekebishe niliyoyataja. Seva iliyotelekezwa ni hatari kwa wasomaji wako kuliko Google.

Kwa mkuu wako, mwombe mwezi mmoja baada ya marekebisho. Kisha mwandikie: wangapi walifika kwenye saa za kufungua na mahali tulipo, wangapi walivuka kwenda katalogi na kutafuta, wangapi walibonyeza kuongeza muda wa kuazima au kuhifadhiwa kitabu, na maneno gani walitafuta wakakosa. Hilo la mwisho liweke juu kabisa, maana linamsaidia pia kuamua vitabu vya kununua. Mweleze wazi kwamba jumla ya ziara itashuka na kwa nini, asije akadhani wasomaji wamekimbia.

Na leo hii, kabla hujafunga kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya data ya Google Analytics uangalie muda wa kuhifadhi. Usipouchagua mwenyewe huwa ni miezi 2, nawe unaweza kuupandisha hadi 14. Ripoti za kawaida hubaki, lakini uchambuzi wa kina unaoutengeneza mwenyewe hauwezi kuvuka muda huo, na mwakani utataka kulinganisha msimu wa mitihani na msimu wa mitihani.