Besi imekimbilia wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua priamplifaya ya valvu (mashine ya taa za kioo inayokuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya) na kuiunganisha na amplifaya yangu ya transista. Sauti za waimbaji zimekuwa tamu ajabu, ila besi imepotea. Halafu nikigusa tu kitufe cha sauti, kelele zinajaa chumbani. Sijawahi kufika hata robo ya mzunguko. Rafiki yangu ananihimiza ninunue waya za bei mbaya. Priamplifaya ina omu 2,500 (kipimo cha ukinzani wa umeme) upande wa kutolea, inakuza mara 10, na kapasita yake ya kutokea ni mikrofaradi 0.22. Amplifaya ina omu 10,000 kwenye mlango wa kuingilia, na volti 1 inatosha kuifikisha kwenye nguvu zake zote. Nasikiliza CD.

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kuleta namba, maana bila hizo ningekuwa napiga ramli. Waya ziache, hazina kosa.

Ile kapasita imewekwa ili kuzuia mkondo mnyoofu (DC) wa valvu usivuke kuingia kwenye amplifaya. Omu zikipungua mzigo huwa mzito, na huu wa omu 10,000 ni mzito mno kwake, kwa hiyo inazuia na besi pia: kwenye hezi 58 (mitetemo 58 kwa sekunde) sauti imeshapungua desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, na chini ya hapo inazidi kuporomoka. Uzi mnene wa gitaa la besi unapiga hezi 41! Mimi hupenda omu za amplifaya ziwe mara 20 ya zile za priamplifaya. Mara 10 navumilia. Wewe una mara 4.

Kelele nazo ni hesabu nyepesi. Mashine ya CD hutoa kama volti 2, priamplifaya inaweza kuzizidisha mara 10, na amplifaya inataka volti 1 tu.

Sasa sikia, maana dawa ni moja kwa yote mawili. Chukua rezista (vipande vya kukinza umeme) mbili za omu 22,000, zile zinazokosea asilimia 1 tu ili kulia na kushoto kulingane. Ichomelee kila moja kwenye waya wa kati, ndani ya kichwa cha RCA (plagi ya waya wa sauti) kinachoingia kwenye amplifaya. Usiiweke upande wa priamplifaya, kwa sababu huko urefu wa waya utakula sauti nyembamba. Priamplifaya sasa itaona omu 32,000, na ile hezi 58 itashuka hadi 21 hivi. Wakati huohuo amplifaya itapokea chini ya theluthi ya volti zinazotumwa, na kitufe chako kitapata nafasi ya kuzunguka.

Ukiona besi bado haikutoshi, fundi akubadilishie kapasita aweke ya mikrofaradi 1, yenye kuhimili volti zote za valvu. 400 au 630 ndizo za kawaida. Hiyo usijaribu mwenyewe. Umeme wa valvu hubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Na kuanzia hapo washa priamplifaya kwanza, isubiri ipate moto, ndipo uwashe amplifaya. Kuzima, anza na amplifaya. Kapasita kubwa hupitisha mshindo mkubwa, na spika ndizo zinazoumia.