Conception: Uanzie na Albamu Ipi?

SWALI: Mambo vipi, mi ni mgonjwa wa Kamelot, ile bendi ya metali. Albamu zao Epica na The Black Halo nimezisikiliza mpaka nimezikariri, sasa juzi kuna jamaa kaniambia yule mwimbaji wao wa zamani Roy Khan alikuwa na bendi yake huko kwao Norwei kabla hajaenda Kamelot na eti ndo kali zaidi. Ni kweli au ananizingua? Na kama kweli nianzie wapi, maana naona zipo albamu kadhaa.
Msomaji mwenye kiu

JIBU: Hakuzingui hata kidogo, tena huyo rafiki yako mshikilie. Bendi inaitwa Conception, iliundwa 1989 na mpiga gitaa Tore Østby, na kabla ya kupumzika walitoa albamu nne tu: The Last Sunset (1991), Parallel Minds (1993), In Your Multitude (1995) na Flow (1997). Watu wanawaweka kwenye kapu la pawa metali (metali ya kasi yenye sauti za kupanda juu) na sikatai, ila ukienda pale ukitegemea dramu za kukimbizana mwanzo mwisho na hadithi za mazimwi na mapanga utakaa unasubiri mpaka uchoke.

Wengi watakwambia anza na Parallel Minds, na kiukweli si ushauri mbaya, Roll the Fire peke yake inatosha kumshika mtu, alafu kuna Silent Crying ule wa taratibu ambao usiusikilize kama umeachwa karibuni. Ila mi nakwambia nenda moja kwa moja In Your Multitude, zima taa, vaa hedifoni, usiruke wimbo. Inafunguka na Under a Mourning Star, halafu Missionary Man (hapana, sio ule wa Eurythmics, nilidhani hivyo na mimi), na ukifika Sanctuary ndo utaelewa kwa nini Kamelot walimtaka huyu mtu. Pale hapigi kelele, anaimba chini chini kama anakunong'oneza siri ambayo baadae atajuta kukwambia, na waimbaji wengi wa aina hii ya mziki wanaiogopa sana sauti ya chini, wao kila kitu ni kupanda juu tu mpaka vioo vipasuke. Khan akipanda unajua kuna sababu.

Na Østby naye usimsahau, maana watu wakishasikia sauti ya Khan wanasahau kuna mtu anapiga gitaa. Huyu bwana ana damu ya flamenco kwenye vidole sijui aliitoa wapi na baridi lote lile la Norwei, yaani katikati ya rifu nzito (vipande vya gitaa vinavyojirudia) unasikia mtu anachezea nyuzi kama yuko Uhispania alafu anarudi kwenye uzito kama hakuna kilichotokea. Sikiliza A Million Gods, tena isikilize gitaa tu, sauti iache ipite, kisha irudie usikilize sauti. Ni kama nyimbo mbili.

The Last Sunset iache mpaka mwisho. Ina vitu vizuri lakini ni vijana bado wanajitafuta, na Khan mwenyewe hajaamua bado sauti yake ikae wapi.

SWALI: Walivunjika kwa nini? Na wengine walienda wapi?
Msomaji

JIBU: Baada ya Flow bendi ikasimama, na 1998 Khan akaonekana Kamelot kwenye albamu ya Siege Perilous, akakaa huko mpaka 2011. Østby akaanzisha bendi ya Ark na mpiga dramu John Macaluso, mwimbaji akawa Jørn Lande, Mnorwei mwingine mwenye koo la chuma, na albamu yao ya pili Burn the Sun (2001) ni dhambi kuikosa. Mpiga besi Ingar Amlien yeye akaenda kwenye giza zaidi na bendi ya Crest of Darkness. 2018 Conception wakarudi na EP (rekodi fupi ya nyimbo chache) ya My Dark Symphony, na 2020 ikaja albamu ya State of Deception. Ile ya 2020 inataka uvumilivu kidogo, Khan siku hizi anaimba kwa chini kuliko zamani na nyimbo hazikupi kila kitu mara ya kwanza, ila Waywardly Broken na The Mansion (yumo mwimbaji Elize Ryd wa bendi ya Amaranthe) zitakuingia hata kama hutaki.

SWALI: Samahani lakini Flow nimeisikiliza yote na imeniboa. Haina spidi, solo chache, sio pawa metali ile. Mnaisifia nini?
Msomaji aliyekasirika kidogo

JIBU: Pole, ila hapa tutagombana. Nakubali mimi pia mara ya kwanza niliizima, nilikuwa nimetoka kwenye In Your Multitude nataka ileile tena, alafu inakuja Gethsemane na ule mdundo wake mzito unaojirudia kama mashine ya kiwandani, nikasema hawa wameishiwa. Nikaiweka pembeni miezi. Siku naisikiliza tena niko na kazi nyingine mikononi, sina habari nayo, nikajikuta naimba kiitikio cha A Virtue and a Vice na sikumbuki lini nilikishika. Ndo ilivyo hii albamu, haiji kwa mlango wa mbele. Nyimbo wamezikata, gitaa limeambiwa litulie, kila kitu kinamtumikia Khan, na kwa mtu aliyezoea kuhesabu noti kwa sekunde lazima aone kama kaibiwa.

Jaribu hivi: usianze na wimbo wa kwanza, anza na Angel (Come Walk with Me) usiku, kisha Cry, ukimaliza ndo urudi mwanzo. Mara tatu. Ikikuboa bado niandikie tena, ila ntakujibu hivihivi.