Usipime laptopu, pima begi

Mwaka jana nilimwomba jirani yangu wa duka la nafaka anipimie begi la kazi kwenye mzani wake wa mchele. Alicheka, akapima: kilo nne na robo. Laptopu yenyewe, niliyoinunua kwa sababu tangazo liliiita nyepesi, haikufika hata kilo moja na nusu. Uzito uliobaki ulikuwa wa chaja kama tofali, adapta tatu, pawabenki isiyoweza kuichaji, daftari na chupa ya maji.

Kazi yangu ni kuandika ripoti za semina. Wiki hii niko Dodoma kwa treni ya SGR, wiki ijayo Unguja kwa boti. Tangu siku ile ya mzani, swali langu limekuwa moja: nikiibeba mashine hii, ni kitu gani kingine nitakiacha nyumbani?

MacBook Air ya M2, ninayoitumia sasa, ina kilo 1.24 na inaniruhusu kuacha chaja. Apple wanasema inavinjari intaneti kwa saa 15. Kwangu, nikiandika huku kioo kimewaka vizuri, napata kumi hivi, yaani semina nzima kuanzia chai ya asubuhi hadi watu wanaposaini posho. Umeme wa ukumbini ukikatika, wenzangu wanahangaika, mimi naendelea. Haina feni, kwa hiyo iko kimya kabisa, ila ukiipa kazi nzito ya video kwenye joto la Februari, Dar, itapunguza kasi. Kasoro inayonikera ni matundu: ukiacha la chaja na la hedifoni, ni USB-C mbili tu, basi. Projekta za kumbi zetu nyingi zinataka HDMI, na adapta nimeshasahau ukumbini mara mbili.

Mke wangu ana ThinkPad X1 Carbon, toleo la 12, ambayo uzito wake unaanzia kilo 1.09. Niliiazima kwa wiki tatu na sikubeba adapta hata moja, maana ina HDMI na USB za kawaida kwa ajili ya flashi. Kibodi yake, nakiri kwa wivu, ni tamu kuliko yangu. Pia imetengenezwa kuvumilia kumwagikiwa: mke wangu aliwahi kuimwagia chai ya maziwa, akaizima, akaifuta, na mpaka leo inafanya kazi. (Usijaribu kwa makusudi.) Betri ndiyo iliyonirudisha kwenye yangu. Kufika saa nane mchana nilikuwa natafuta soketi.

LG Gram ya inchi 14 ina takriban kilo moja, na ukiishika utadhani haina kitu ndani. Mimi niliona kibodi inabonyea kidogo nikiandika kwa nguvu. Dell XPS 13 ni nzuri kwa macho, ila tangu toleo la 2022 hata tundu la hedifoni imeondolewa. Kwa mtu wa semina hiyo ni adapta nyingine tena.

Ukichagua yoyote kati ya hizi, chukua yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 tangu mwanzo. Kwenye Air na Carbon imechomelewa kwenye bodi, fundi hawezi kukuongezea. Madukani bado zimejaa Air za GB 8, kwa kuwa mpaka Oktoba 2024 ndicho kilikuwa kiwango cha kuanzia. Hifadhi (diski ya mafaili) ya Carbon inabadilishika, ya Air haibadilishiki. Pawabenki nayo iwe na USB-C ya wati 45 au zaidi. Ile ya mAh 20,000 ni kama Wh (saa-wati) 74, chini ya kikomo cha Wh 100 cha ndege, lakini lazima uingie nayo mkononi.

Kama unanunua iliyotumika, usitoe hela kabla ya kuiwasha mwenyewe. Kwenye Mac angalia idadi ya mizunguko ya betri, yaani chaji yake nzima imeshatumika mara ngapi. Apple wameikadiria kudumu mizunguko 1,000. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport uone betri imebaki na uwezo gani. Hakikisha haina akaunti ya mwenyewe wa zamani wala nywila ya BIOS (programu inayoamsha kompyuta kabla ya Windows). Na muuzaji akikwambia chaja ameisahau nyumbani, mwambie hamna shida, utasubiri aifuate.