Gauni jeupe kwenye jua kali

Kwa aliyeuliza kwa nini gauni jeupe linatoka pichani kama karatasi tupu, mikunjo yote imepotea: kamera hupima mwanga wa fremu nzima. Nyuma kukiwa na giza, inaongeza mwanga na kitambaa kinaungua, yaani kinabaki cheupe tupu bila mikunjo. Ila nyeupe ikijaza fremu inafanya kinyume, gauni linageuka kijivu. Kwa hiyo usikariri kupunguza tu. Washa onyo la sehemu zilizoungua (alama zinazoonekana kwenye skrini ya kamera), shusha mwanga theluthi moja ya stopu (kipimo cha mwanga wa picha) kila mara hadi onyo lipotee kwenye kitambaa, na upige kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera. Kwenye simu, gusa nguo kwenye kioo kisha buruta alama ya jua chini. Lakini kivuli ndiyo dawa hasa: msogeze aliyevaa gauni hapo, hata nakshi za lesi kifuani utaziona.