Milioni nane zilizoninyima viza ya Ujerumani

Mdogo wangu anaishi Hamburg. Alipojifungua, nikaona haipendezi mama mkubwa kumjua mtoto kwa picha za WhatsApp peke yake, nikaanza kuhangaikia viza. Nina duka la vitenge Kariakoo, pasi ilikuwa mpya, na shemeji alishasema karibu. Nikanyimwa.

Kosa lilianzia kwa kishoka mmoja aliyeniambia kuwa Wazungu wanataka kuona hela. Akaunti yangu ilikuwa na mzunguko wa kawaida wa duka: laki tatu zinaingia, mbili zinatoka. Nikakopa milioni nane kwa kaka yangu, nikaziweka benki siku nne kabla ya kuchukua taarifa ya akaunti. Mtu anayesoma karatasi hizo kutwa nzima hahitaji miwani kuziona. Barua ya kukataliwa huwa na visanduku vya sababu, na changu kilichotiwa alama kilisema kuna mashaka kama nitaondoka kabla viza haijaisha. Nililia, nikakasirika, kisha nikaisoma tena nikakuta hata mimi ningejinyima.

Zamani ungeweza kuandika barua ya kupinga, wakalipitia tena ombi lako. Ujerumani iliufuta utaratibu huo tangu 1 Julai 2025, kwa hiyo siku hizi unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin. Nani mwenye hela ya wakili wa Berlin? Omba upya, lakini usirudishe faili lilelile.

Mara ya pili nilipeleka maisha yangu yalivyo. Taarifa ya benki ya miezi sita yenye salio dogo kuliko lile la kwanza, leseni ya biashara, karatasi za kodi, mkataba wa pango la fremu, vyeti vya kuzaliwa vya wanangu wawili waliobaki na bibi yao. Nikaongeza cheti changu na cha mdogo wangu ili undugu wetu uonekane, na barua ya ukurasa mmoja inayosema ninakwenda kwa nani, siku ngapi, na nani atafungua duka nikiwa sipo. Shemeji naye akaenda ofisi ya wageni ya huko kusaini Verpflichtungserklärung, jina refu kama treni ya mizigo, ambayo ni ahadi ya kisheria kwamba gharama zangu zote, hata za hospitali, zitamwangukia yeye. Mwenyeji asiyekuwa na kipato cha kutosha hasainishwi, kwa hiyo muulize mapema, na umuulize kwa upole.

Mengine ni ya kufuata tu. Bima ya safari isipungue euro 30,000 na ikubalike nchi zote za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Pasi iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo 15, maana majibu yenyewe huchukua siku 15 na yanaweza kufika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi. Mimi nimeilipa mara mbili. Ukipanga kupitia Paris pia, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Na London haimo. Uingereza ina viza yake.

Mara hiyo ya pili nikapewa. Sasa stika yenyewe ya viza iliyobandikwa kwenye pasi, maana hapa wengi huumia. Yangu ilikuwa na tarehe mbili zenye siku 43 katikati, na pembeni imeandikwa siku 28. Zile 15 za ziada ni nafasi ya kusogeza safari ikichelewa. Ruhusa ya kukaa ni 28, na siku ya kufika na ya kuondoka zote zinahesabiwa. Usidanganywe na ile habari ya siku 90 ndani ya 180. Huo ndio mwisho wa juu wa kukaa nchi za Schengen, lakini wewe unafuata kilichoandikwa kwenye stika yako. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kuandika kuingia na kutoka kwa kompyuta badala ya muhuri, kwa hiyo siku moja ya ziada inaonekana yenyewe.

Nakala za karatasi zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Kuwa na viza hakumzuii askari wa mpakani kukuuliza tena, na mimi niliulizwa: unakwenda kwa nani, unarudi lini, tiketi iko wapi. Dakika tatu, nikapita. Forodhani ndipo nilipokwama, kwa samli ya mama niliyoifunga vizuri ndani ya khanga. Nyama na vitu vya maziwa haviingii Ulaya kwenye begi la abiria. Khanga nikarudishiwa.