Muuguzi Amekataa Kunitoa Vijiti

SWALI: Jambo Mama Mkunga. Nina miaka 27 na watoto 3, ninauza sambaza, wale samaki wadogo, soko la Kadutu. Miezi 5 iliyopita niliwekewa vijiti 2 vya kuzuia mimba mkononi. Siku ile tulikuwa wengi, hakuna aliyeniuliza kitu, walisema tu, “Miaka 5 utatulia.” Tangu hapo damu inakuja kidogo kidogo, inakauka, inarudi. Mwezi uliopita haikuja kabisa, na jirani ananiambia inaoza tumboni. Nilirudi ili vitolewe. Muuguzi akajibu: “Vumilia, muda haujaisha. Tena uje na bwana yako.” Nifanye nini?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mwanangu, hakuna damu inayooza tumboni mwako. Dawa iliyo ndani ya vijiti inafanya utando wa ndani ya kizazi ubaki mwembamba, na pasipo na kitu cha kubomoka hakuna cha kutoka. Ndiyo maana mwezi mwingine unapita mkavu. Yale matone yasiyo na ratiba tunayaona kwa wengi miezi ya kwanza, na kwa kawaida yanapungua kadiri mwaka unavyosonga. Kuna vidonge vya ibuprofeni vya siku 5 vinavyoweza kusaidia, lakini akuandikie muuguzi baada ya kuhakikisha huna mimba wala ugonjwa wa kizazi.

Maneno haya ulipaswa kuyasikia kabla mkono haujapigwa ganzi. Ulipaswa pia kuulizwa: unakunywa dawa za kifua kikuu au kifafa? Rifampisini na baadhi ya dawa za kifafa zinapunguza nguvu ya vijiti, na mama anashika mimba akidhani amelindwa. Halafu: unataka kupumzika kuzaa muda gani?

Swali hilo la mwisho mimi mwenyewe niliwahi kuliruka, miaka yangu ya kwanza kazini. Mama mmoja alishuka kwa miguu kutoka Bagira, mtoto mgongoni, akaomba “sindano”. Nikampiga ile ya kuzuia mimba ya miezi 3, nikaandika kwenye fishi, kadi yake ya kliniki, nikaita anayefuata. Kumbe alitaka kupumzika kidogo tu. Alirudi akilia: miezi inapita, mimba haiji, na kwa wakwe wameanza kumwita tasa. Hakuwa tasa. Sindano ile inachelewesha. Baada ya kuchomwa mara ya mwisho, wastani ni kama miezi 10 ndipo mimba inaingia. Nilimnyima sentensi moja, naye akalipa kwa machozi nyumbani kwa watu. Tangu siku hiyo siandiki chochote kwenye fishi kabla mama hajanirudishia, kwa maneno yake, alichosikia kwangu.

Sasa vijiti vyako. Miaka 5 ni muda wa dawa kufanya kazi; si kifungo. Ukitaka vitoke leo, vitoke leo, na hudaiwi sababu. Kuhusu bwana, sheria yetu ya afya ya umma hapa Kongo, ya tarehe 13 Desemba 2018 inataka waliooana kisheria wakubaliane juu ya njia, lakini wasipoelewana, matakwa ya yule inayemhusu ndiyo yanayotangulia. Mkono uliotobolewa ni wako.

Rudi siku isiyo na msongamano, uombe kumwona IT, muuguzi mkuu wa kituo. Mwambie, “Nimeeleweshwa kuhusu damu, na bado nataka vitolewe.” Au, ukiona unaweza kungoja, ungoje, hilo nalo ni lako. Wakikataa tena, nenda kituo kingine, ila usimpe mkono mtu mwenye wembe mtaani. Anayejua kazi anapiga ganzi, anakata kidogo, anatoa vyote 2 na kukuonyesha. Tena uondoke pale na njia nyingine siku hiyohiyo kama hutaki mimba, maana vijiti vikitoka uzazi unarudi upesi.

Lakini damu ikianza kumwagika, au tumbo la chini likikukata kwa nguvu, usingoje siku ya nafasi. Nenda usiku huohuo.