Wanasayansi wa kwenye muvi: tatizo si kwamba wanakosea

Mkuu, umeuliza kama wanasayansi wa kwenye filamu za sayansi ya kubuni wana tabia za wanasayansi kweli, ukatoa mfano wa Prometheus (2012). Wengi hawana, ila si kwa ile hoja ya kila siku kwamba "msomi hawezi kuwa mjinga kiasi kile". Anaweza sana tu. Angalia aina ya kosa.

Mwanabiolojia wa Prometheus anakutana na kiumbe kama nyoka, kimejiinua na kutanua kichwa kama swila, naye anakinyooshea mkono huku akikibembeleza. Mlinganishe na Karl P. Schmidt, bingwa wa nyoka wa makumbusho ya Field, Chicago. Septemba 1957 aliletewa nyoka mdogo atambue ni wa aina gani. Kichwa kilikuwa cha boomslang, nyoka wa mitini wa Afrika, lakini gamba la karibu na njia ya haja halikugawanyika kama ilivyotarajiwa. Akamshika amkague, akaumwa kidole gumba. Nyoka ni mdogo, jino lililozama ni moja, akaona sumu hiyo haiwezi kumuua. Akaendelea kuandika dalili: kichefuchefu, kutetemeka kwa baridi, fizi kutoa damu. Kesho yake mchana akafariki. Hilo ndilo kosa la mtaalamu: alipiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyomponza. Wa kwenye filamu hakupiga hesabu yoyote.

Maabara ndiko wanakochapia zaidi. Tone la damu linaingia kwenye mashine, skrini inawaka nyekundu, kirusi kimejulikana. PCR, kipimo kinachonakili vinasaba vya kirusi mara nyingi hadi vionekane, haiendi hivyo kwa kirusi ambacho vinasaba vyake ni RNA badala ya DNA. Unakiua kirusi kwa kemikali, unatoa RNA, unaigeuza DNA, kisha unazungusha joto mara 35 hadi 40: nyuzijoto 95 kuachanisha DNA, kama 60 ili praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) zishike, na kuendelea. Hapo saa kadhaa zimekwenda. Pembeni lazima kuwe na mrija wenye sampuli inayojulikana kuwa chanya, na mwingine wa maji matupu. Maji yakisoma chanya, ujue kuna uchafu umeingia, na majibu yote ya mzunguko ule yanatupwa hata kama mkubwa wa jeshi amesimama mlangoni. Huo mrija wa maji ni nadra kuuona kwenye filamu.

Na virusi vinavyojinyonganyonga kwenye hadubini ya elektroni? Hapo sahau. Kwa kawaida sampuli hukaushwa na kutiwa rangi, au hugandishwa, kwa kuwa inaingia kwenye ombwe. Hadubini ya mwanga nayo haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi, na unene wa kirusi cha Ebola ni kama 80.

Suala la kuvua helmeti kwenye sayari ngeni kwa sababu "hewa inafaa": kipimo cha oksijeni hakikwambii lolote kuhusu vijidudu. Wanaanga wa Apollo 11 waliwekwa karantini ya siku 21 mwaka 1969, tena walitoka mwezini, kusiko hata na hewa.

Ila tusiwatukuze wa kweli. Mwaka 1976 damu ya mgonjwa wa Yambuku, Zaire, ilifika maabara ya Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai, kichupa kimoja kimepasuka, na watu wakaishughulikia na glavu tu. Jean-Jacques Muyembe, daktari wa Zaire, alikuwa ameshatoa damu wagonjwa kule kule Yambuku mikono mitupu. Ebola ilikuwa haijajulikana, Antwerp walidhani ni homa ya manjano. Wanaoijua hatari huponzwa na vitu vidogo zaidi: mwaka 2004 mtafiti wa Vektor, kituo cha utafiti wa virusi huko Siberia, Urusi, alijichoma sindano yenye Ebola kwa bahati mbaya, akafa.

Ukitaka filamu iliyokaribia, tazama Contagion (2011), ambayo Ian Lipkin, mtaalamu halisi wa virusi, alikuwa mshauri wake. Mtafiti anajidunga chanjo pajani, lakini tayari ana tumbili aliyechanjwa akabaki mzima. Kujifanyia jaribio si uzushi wa Hollywood. Barry Marshall, daktari wa Australia, alikunywa bakteria wa tumbo mwaka 1984 ili aonyeshe kwamba ndio wanaoleta ugonjwa wa tumbo. Ila kabla ya kunywa alipimwa kwa kamera ikaonekana tumbo halina bakteria wale. Bila kipimo hicho, yeyote angemwambia walikuwemo tangu zamani, naye asingekuwa na la kujibu.